Lugha ya Mamlaka: Akili Unde na Uandishi wa Rufani kwa Kiswahili, kwa Mfano wa Shauri kutoka Pito, Ufipa



1. Utangulizi

Kabla mahakama ya juu haijauliza ni nani mwenye haki, huuliza kwanza kama shauri limefika mahali pake, kwa njia yake na kwa wakati wake. Jibu la swali hilo ndilo linaloitwa katika mhadhara huu maelezo ya mamlaka. Nchini Marekani, kanuni za rufani za mahakama za shirikisho zinamtaka mrufani aandike sehemu maalumu inayoeleza mambo manne: mahakama ya chini ilipata wapi mamlaka ya kusikiliza shauri, mahakama ya rufani inayapata wapi, ni tarehe zipi zinazothibitisha kwamba rufani haikuchelewa, na kwamba uamuzi unaokatiwa rufani ni wa mwisho. Nchini Tanzania hakuna sehemu moja yenye jina hilo. Mambo yayo hayo yametawanyika katika hati ya madai, ambayo kwa mujibu wa Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai lazima itaje mambo yanayoonyesha kwamba mahakama ina mamlaka; katika notisi ya rufani; katika sababu za rufani; na katika hati nyingine zinazoambatanishwa.

Leo maandishi haya yanaweza kutungwa na kompyuta. Mtu mwenye simu huieleza programu kisa chake, nayo ikamrudishia aya zilizonyooka, zenye vichwa, namba na maneno mazito ya kimahakama. Jina la teknolojia yenyewe halijatulia: wako wanaosema akili bandia, wako wanaosema akili mnemba, na hapa linatumika akili unde. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba katika maelezo ya mamlaka ufasaha wa sentensi hauthibitishi lolote, na kwamba Kiswahili cha mahakama, kwa historia yake, kinaifanya hatari hiyo kuwa kubwa kuliko inavyodhaniwa. Suala hili si la wanasheria peke yao. Ni la isimu, kwa sababu makosa yanayohusika hujificha katika maana ya maneno, katika vihusishi na katika njeo za vitenzi.

2. Kiswahili katika ngazi za mahakama

Historia ya jambo hili inaweza kuelezwa kwa ufupi. Kwa miongo mingi Mahakama ya Mwanzo imeendesha mashauri kwa Kiswahili. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 iliruhusu Kiswahili kizungumzwe pia katika Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, lakini kumbukumbu na hukumu zikaandikwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo shauri lililoanza kwa Kiswahili lilipopanda ngazi moja tu lilibadili lugha, na mwenye shauri akarudi nyumbani na hukumu asiyoweza kuisoma. Mapema kabisa, mwaka 1965, A. B. Weston alichapisha makala kuhusu matatizo ya kuieleza sheria kwa Kiswahili. Tatizo lilijulikana, ila utashi wa kulimaliza ulichukua muda mrefu.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2021. Tarehe 1 Februari mwaka huo, katika maadhimisho ya Siku ya Sheria mjini Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu Musoma kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, akamteua kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokuja kuwa Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, yakaifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama na mabaraza yote ya utoaji haki, huku Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu yanayohitajiwa na haki yenyewe.

Sheria hubadilika kwa siku moja, lakini matini hazizaliwi kwa siku moja. Nyuma ya mwaka 2021 kuna maelfu ya hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zilizoandikwa kwa Kiingereza, wakati majalada ya Kiswahili ya Mahakama za Mwanzo yameandikwa kwa mkono na kufungiwa makabatini. Programu za akili unde hujifunza kutokana na matini zilizomo katika mitandao ya kompyuta. Hivyo zimesoma Kiswahili cha magazeti, cha dini, cha siasa na cha tafsiri, na zimesoma sheria ya Tanzania hasa kwa Kiingereza. Zinapoandika rufani kwa Kiswahili, huvivika viungo vya Kiingereza nguo ya gazeti.

3. Neno moja, kazi nyingi

Neno mamlaka lenyewe ni mfano mzuri. Katika matumizi ya kila siku ni chombo cha serikali, kama katika Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ni pia nguvu ya kutawala na ruhusa ya kutenda. Katika mahakama lina maana mahususi: uwezo ambao sheria imeupa chombo fulani kusikiliza aina fulani ya shauri, la thamani fulani, katika eneo fulani, ndani ya muda fulani. Mwenye kusema "mahakama hii ina mamlaka" kwa maana ya kwamba ni chombo cha dola amesema kweli isiyomfaa kitu.

Neno rufaa, lenye asili ya Kiarabu na dhana ya kupandisha juu, nalo lina makao mawili. Sumbawanga ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, na huko mgonjwa hupandishwa na daktari kwa barua. Mahakamani, rufani haipandishwi na mahakama ya chini. Hukatwa na mtu asiyeridhika, kwa gharama yake na kwa hatari yake. Tofauti ya mrufani na mrufaniwa, yaani aliyekata na aliyekatiwa, imebebwa na kiambishi kimoja cha kauli ya kutendwa. Kikidondoka, pande mbili za shauri zimebadilishana viti.

Wapo pia ndugu wawili wanaochanganywa, kibali na hati. Kwa mashauri ya madai, marekebisho ya mwaka 2023 yaliondoa sharti la kuomba kibali cha kukata rufani katika Mahakama ya Rufani. Lakini kwa shauri lililoanzia Mahakama ya Mwanzo, Mahakama Kuu bado lazima itoe hati inayothibitisha kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kuamuliwa na Mahakama ya Rufani. Bila hati hiyo, Mahakama ya Rufani haina mamlaka. Kwa mtu wa kawaida, kibali na hati ni karatasi mbili zenye mhuri. Kwa sheria, moja imefutwa na nyingine ni mlango wenyewe.

Mwisho ni neno kutupwa. Magazeti huandika kwamba rufani "imetupwa" au "imetupiliwa mbali" kila inaposhindikana kuendelea. Hata hivyo, tangu uamuzi wa mwaka 1959 wa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki katika shauri la Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo, mahakama zimetofautisha mambo mawili: kuiondoa rufani isiyo halali, ambayo kwa kuwa haikuwa rufani kamili mwenyewe aweza kujipanga na kurudi, na kuikataa rufani halali baada ya kuipima, ambapo mlango umefungwa. Programu iliyofunzwa kwa magazeti haioni tofauti hiyo. Mkulima akiuliza, "Rufani yangu imetupwa, nifanye nini?", jibu sahihi hutegemea jambo ambalo neno lenyewe limelificha.

4. Mfano wa Pito: "shamba la baba"

Na ichukuliwe, kwa mfano wa kubuni, habari ya mkulima wa Pito, kata iliyo ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, katika uwanda wa juu wa Ufipa kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa. Hapo ardhi ni mahindi, maharage na ulezi, na mpaka wa shamba ni jambo la watu kukosana. Nyumbani huzungumzwa Kifipa, Kiswahili ni lugha ya ofisi, na Kiingereza ni lugha ya karatasi za zamani. Mkulima huyo anaiambia programu iliyomo katika simu: "Mdogo wangu amelima shamba la baba, nimeshindwa shauri, nataka kukata rufaa."

Programu inaweza kabisa kumrudishia sentensi kama hii: "Mrufani, baada ya kutoridhishwa na uamuzi wa Baraza la Kata, anawasilisha rufani hii mbele ya Mahakama ya Wilaya yenye mamlaka ya kuisikiliza." Kisarufi haina dosari. Upatanisho wa ngeli umekamilika, rejesta imetunzwa, na mwalimu wa utungaji angeipa alama ya juu. Kisheria imekosea mara tatu. Kwanza, tangu marekebisho ya mwaka 2021 Baraza la Kata haliamui migogoro ya ardhi; hupatanisha tu. Pili, hata lilipokuwa likiamua, rufani yake ya ardhi ilikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wala si Mahakama ya Wilaya. Kufanana kwa neno Wilaya ndiko kulikoiponza programu. Tatu, kirai "yenye mamlaka" ni hitimisho lisilo na mambo yanayolithibitisha.

Lakini kosa lililo chini ya yote matatu limo katika maneno "shamba la baba". Kihusishi -a unganifu cha Kiswahili hakisemi ni uhusiano gani kati ya shamba na baba. Laweza kuwa shamba alilonalo baba aliye hai, ambalo mwana analidai kwamba alipewa. Laweza kuwa shamba aliloacha marehemu, ambalo bado halijagawiwa. Laweza kuwa jina tu la mahali, kwa sababu baba ndiye aliyelifyeka. Na neno baba lenyewe, kwa matumizi ya Kiswahili cha Tanzania, humwita mzazi, humwita baba mkubwa na humwita baba mdogo.

Uchaguzi wa maana hapo ni uchaguzi wa njia. Kama shamba ni mirathi ya mtu aliyeishi kwa sheria za kimila au za Kiislamu, shauri laweza kuwa limeanzia Mahakama ya Mwanzo: rufani huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, kisha Mahakama Kuu Sumbawanga ndani ya siku 30 nyingine, na kwenda Mahakama ya Rufani kutahitaji hati ya hoja ya kisheria. Kama ni mgogoro wa umiliki wa ardhi ulioamuliwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, rufani huenda moja kwa moja Mahakama Kuu ndani ya siku 45, na hati ile haihitajiki. Kwa maneno yaleyale kuna milango miwili, hesabu mbili za siku na masharti mawili.

Karani mzoefu wa mahakama, au msaidizi wa kisheria anayetambuliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, angeanza kwa kuuliza. Baba yupo? Msimamizi wa mirathi ameteuliwa? Hukumu unayo? Juu imeandikwa mahakama gani, au ni baraza? Programu, kwa jinsi ilivyoundwa, huelekea kukamilisha. Hupima ni neno gani lina uwezekano mkubwa wa kufuata jingine, na pale mzungumzaji alipoacha pengo hulijaza kwa kilicho cha kawaida. Pengo hilo, ambalo kwa mtunzi wa hadithi ni fursa, kwa mrufani ndilo shauri lenyewe.

5. Siku, usiku na njeo

Maelezo ya mamlaka husimama juu ya tarehe, na hapo Kiswahili kina mambo yake. "Hukumu imetoka" yaweza kumaanisha kwamba imesomwa, kwamba imetiwa saini, au kwamba nakala yake imepatikana kwa karani. Kauli ya kutendwa humficha mtenda, na njeo ya -me- huificha siku. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 haiihesabu siku ambayo hukumu ilitolewa, na pale inapotumika huondoa katika hesabu muda uliohitajika kupata nakala. Kwa hiyo tarehe hizo hazibadilishani. Sentensi inayofaa ni ile inayosema: hukumu ilisomwa tarehe fulani na hakimu wa mahakama fulani; nakala iliombwa tarehe fulani; ilitolewa tarehe fulani. Ni sentensi kavu, ya njeo ya -li-, na yenye kumtaja mtenda.

Kuna pia suala la usiku. Kwa Mswahili wa mapokeo siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, ambao kalenda ya ofisi huuita Alhamisi. Rufani huwasilishwa sasa kwa mfumo wa kielektroniki, na mfumo hupokea hata saa za usiku. Mtu akisema aliwasilisha "usiku wa Jumatatu", programu huandika tarehe ya Jumatatu bila kusita, wakati huenda mzungumzaji alimaanisha saa nne ya usiku wa Jumapili. Siku moja katika siku 30 si jambo dogo. Katiba, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisifungwe na ufundi unaoweza kukwamisha haki, na marekebisho ya mwaka 2018 yaliitia nguvu rai hiyo. Hata hivyo Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba mamlaka na ukomo wa muda haviponywi kwa hoja hiyo. Wala wahusika hawawezi kuipa mahakama mamlaka kwa kukubaliana.

6. Ufasaha usio na shahidi

J. L. Austin, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba baadhi ya semi hazielezi tendo bali hulitenda, na kwamba hufaulu pale tu zinaposemwa na anayestahili, mahali panapostahili. Maelezo ya mamlaka ni semi za namna hiyo. Anayeyatia saini haelezi tu. Anaiambia mahakama kwamba ameyathibitisha na yuko tayari kuwajibika. Programu haiwezi kuapa, haiwezi kuhojiwa, na haipotezi kitu rufani inapoondolewa.

Dunia imekwisha kuliona hili. Mwezi Juni 2023 mahakama ya shirikisho mjini New York, katika shauri la Mata dhidi ya kampuni ya ndege ya Avianca, iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hoja zenye maamuzi sita ambayo hayakuwapo. Yalikuwa yametungwa na programu ya ChatGPT, yakiwa na majina ya wahusika na nukuu za majaji. Inafaa kukumbuka kwamba hoja waliyokuwa wakiitetea ilihusu ukomo wa muda. Kilichowadanganya mawakili wale kilikuwa umbo: maamuzi ya uongo yalifanana na ya kweli kwa lugha yake.

Nchini Tanzania hatari hiyo ina sura ya ziada. Toleo lililorekebishwa la sheria la mwaka 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025, na katika baadhi ya sheria namba za vifungu zimebadilika. Programu iliyosoma matini za zamani itataja namba ambayo juzi ilikuwa sahihi. Na mwenye kuitumia aghalabu si wakili. Ni mtu ambaye jana angekwenda kwa kishoka mlangoni mwa mahakama, akalipa na kupewa karatasi yenye maneno makubwa. Kwa mtu huyo simu ni nafuu kuliko kishoka, wala haifai kumbeza kwa kuitumia. Haki ya rufani isiyoweza kuandikwa na mwenye nayo ni haki ya jina.

7. Hitimisho na mapendekezo

Kutokana na yaliyojadiliwa, haipendekezwi kwamba akili unde ifukuzwe mahakamani. Mahakama ya Tanzania yenyewe imeanza kutumia mfumo wa akili unde wa kunukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, na jambo hilo laweza kumpunguzia hakimu mzigo wa kuandika kwa mkono. Yanapendekezwa mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa wanaisimu.

La kwanza ni kongoo ya Kiswahili cha mahakama: hukumu za Kiswahili zilizotolewa tangu mwaka 2021, pamoja na majalada ya Mahakama za Mwanzo yaliyofichwa majina ya wahusika, zikusanywe na kuchambuliwa. Majalada hayo ndiyo hazina kongwe ya sheria iliyosemwa kwa Kiswahili na wananchi wenyewe, wakiwamo Wafipa, Wamambwe na Warungu waliokileta Kiswahili chao mbele ya hakimu. La pili ni usanifishaji wa istilahi chache zenye kuamua hatima ya shauri, kama vile mamlaka, kibali, hati, kuondoa, kukataa, uamuzi na hukumu. Kazi hiyo yaweza kufanywa na BAKITA pamoja na Mahakama, kwa fasili zinazoonyesha tofauti za kisheria badala ya orodha ya visawe.

La tatu ni kubadili kazi inayotakiwa kwa programu. Badala ya kuambiwa iandike, iundwe iulize, kwa Kiswahili cha mwenye shauri: hukumu ilisomwa lini, na nani, mahakama au baraza gani, shamba ni la nani na kwa njia gani. Pale asipojua, nafasi ibaki wazi, na uwazi huo uonekane na karani, msaidizi wa kisheria au wakili atakayelisoma jalada. Katika uandishi wa aina hii, nafasi iliyoachwa wazi kwa makusudi ina manufaa kuliko sentensi nzuri isiyo na shahidi.

Kwa wanafunzi wa isimu waliohudhuria, hii ni kazi inayowasubiri. Vihusishi, njeo na kauli ya kutendwa hufundishwa darasani kama mambo ya sarufi tupu. Kwa mkulima wa Pito, kihusishi kimoja katika "shamba la baba" kinaweza kuamua kama atasikilizwa au atarudishwa na jalada lake mkononi.